Sakafu Iliyonuka Papa

Kismayu, 14 Septemba 2025

Dada yangu Mwanalima,

Assalaam alaykum warahmatullah. Barua hii ikukute mzima, wewe na mbuzi wako wote, hata yule uliyemwita Karani na ukaeleza sababu mbele ya wageni wangu, kwamba anatafuna karatasi kutwa na kazi nyingine hana. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Shamsa anakusalimu, goti lake limepoa kidogo. Layla binti yetu amepiga simu kutoka Mombasa, mtoto wake ameota jino la kwanza na tayari amemng'ata nalo baba yake. Bandarini, kwenye ukarani wangu, mambo ni yale yale. Meli ikija naandika, isipokuja naitazama bahari mpaka mkubwa wangu apite, kisha naandika tena.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako iliangukia kisimani na nyingine umeikataa. Sasa haja yangu. Zubeiri alipokuja na mashua kuchukua barafu ya samaki alinieleza kwamba siku anaondoka huko kisiwani Chovae ulisimama ufukweni ukamsalimu kwa heshima zote, ukamuuliza hali ya mama yake, ukamwagiza unga na majani ya chai. Ila Zubeiri alikuwa nyuma yako. Uliyekuwa ukizungumza naye ni nguzo ya kufungia mashua.

Dada, macho hayo. Ulipokuja kwangu Idd ulijikwaa kwenye kidato cha kuingilia chumbani, ukasema ni leso iliyokutega. Nikanyamaza. Sasa sinyamazi. Madaktari wa macho watakuja hospitali ya hapa mwezi wa Shaaban. Wanatoa mtoto wa jicho, na siku ya pili mtu anafunguliwa bandeji. Wakishaondoka hawaonekani mpaka mwaka mwingine, na wewe mwaka mwingine sijui utakuwa unasalimiana na nani. Njoo.

Kwa upande wangu natengeneza nyumba, maana huenda tukapata wageni. Sakafu yetu ya saruji unaijua, inatoa vumbi utadhani tunasaga mahindi juu yake. Nimeamua kuitia rangi, si ile ya kupaka juu ikabanduka, bali ya kuzama ndani ya saruji, halafu niizibe ing'are. Kazi nitaifanya mwenyewe. Shamsa aliposikia neno "mwenyewe" alikwenda kumweleza jirani. Lakini mimi ni mtoto wa fundi wa mashua, na mwana wa muhunzi asiposana huvukuta. Nataka nyekundu ile ya nyavu za baba, ya magome ya mkoko. Mjini hapa siyapati. Nitumie gunia moja kwa mkono wa Zubeiri, au uje nalo mwenyewe ukipenda.

Ndugu yako,
Famau


Chovae, 2 Oktoba 2025

Mdogo wangu Famau,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, mbuzi wazima, Karani amekula pembe moja ya barua yako na hajadhurika. Mpe pole Shamsa, mwambie goti ni la kukandwa kwa maji ya chumvi. Mjukuu huyo anayeng'ata amefanana na ukoo wetu, muombeeni dua.

Macho yangu hayana neno. Ile nguzo ni mpya, na Zubeiri alivyokonda mchu yeyote, hata mtu wa macho mazima, angekosea. Ukiona mistari yangu inapanda na kushuka ujue ni kalamu, kalamu za siku hizi hazina adabu. Wala siji. Nyumba hii nitamwachia nani? Nyumba ya pwani isipolaliwa inaanza kuanguka kwa aibu. Mbuzi nao hawamsikilizi mtu mwingine. Halafu jicho si gunia la unga hata lishonwe kwa sindano. Tuliache jambo hilo.

Kuhusu ufundi wako. Baba alikuweka kwenye mashua moja tu, akakutoa siku ile ile, wiki ya pili akakupeleka shule. Kisiwa kizima kilimsifu kwa kupenda elimu. Mimi nilikuwepo, nilijua anachokipenda ni mashua zake. Lakini sikukatazi. Mtu mzima hakatazwi kuchezea nyumba yake.

Gunia hilo linakuja. Magome nimeyatoa nyuma ya jiko kwa mkono wangu, moja moja, mkoko mtupu. Yaponde, uyaloweke, uyachemshe mpaka maji yawe mekundu ya kutisha. Ndivyo alivyofanya baba. Na ujaribu kwanza pembeni, mahali pa kuwekea mtungi, kabla hujaiharibu nyumba nzima.

Hao wageni ni akina nani? Hujawataja.

Dada yako,
Mwanalima


Kismayu, 19 Oktoba 2025

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Gunia nimelipokea, na Zubeiri nimempa kikombe cha chai na mikate miwili ya mofa kwa usumbufu. Goti la Shamsa umelitibu kwa barua, anatembea. Hapo mwanzo alikuwa akinisimamia akiwa amekaa, sasa ananifuata chumba kwa chumba.

Kazi imeanza. Nimehamisha vyombo vyote uani. Nimesugua sakafu kwa sabuni na brashi ya nguo mpaka mgongo ukakataa kunyooka, nikaenda kazini nimeinama, mkubwa wangu akadhani nimeanza kumheshimu. Muuza rangi wetu, kijana anaitwa Abdirahman, alinifundisha kupima unyevu. Unabandika kipande cha nailoni juu ya saruji, unakiacha, ukikifunua ukakuta jasho chini yake basi sakafu bado ina maji. Nikabandika. Nikakuta jasho. Nikajiambia ni jasho langu.

Kisha nikatia rangi. Hapa niandike kwa uangalifu. Rangi imetoka, haikukosa kutoka. Si nyekundu hasa. Ukikaa nayo muda mrefu, jua likiwa limeingia dirishani, na ukiwa mtu wa kusamehe, unaweza kuiona ina wekundu kwa mbali. Shamsa alisimama mlangoni akaitazama kwa makini, akaniuliza nitaanza lini. Nikamwambia nimemaliza. Akaingia jikoni, nikamsikia anacheka na sufuria.

Kosa ni langu. Nilizidisha maji, na nadhani sikuyachemsha ya kutosha. Magome yako yalikuwa mazuri kabisa, dada, mekundu ya kupendeza, usije ukafikiri vingine. Mimi na vipimo hatujapatana tangu shule. Wala sikujaribu pembeni kama ulivyoniagiza. Nilianzia katikati, nikasema Bismillahi, nikaamini hiyo inatosha.

Sasa nataka kuiziba. Abdirahman ana dawa yake ya mkebe, lakini mimi nimepata wazo bora. Nimeagiza mafuta ya papa, yale yale baba aliyokuwa akisilibia mashua. Mafuta yaliyoizuia bahari isiingie chomboni yatashindwa na maji ya kupiga deki?

Wageni utawajua wakifika. Madaktari hawajabadili nia, ni Shaaban. Wewe je?

Famau wako


Chovae, 6 Novemba 2025

Famau,

Salamu baadaye. Barua hii ikifika kabla hujafungua debe, usilifungue. Mafuta ya papa ni ya mbao, na ni ya nje, kwenye upepo. Mbao inakunywa, jua linakausha, harufu inakwenda zake baharini. Wewe utayamwaga ndani ya nyumba yenye mapazia, juu ya saruji isiyokunywa, yatakaa hapo yakioza mbele ya macho yako. Mwache papa, mdogo wangu. Nunua hiyo dawa ya mkebe kama watu.

Haya sasa salamu. Mbuzi mmoja amezaa, mtoto ana baka jeupe kichwani, au ndivyo ninavyoambiwa. Karani anaumwa tumbo kwa ajili ya barua yako ya pili. Mwanahija jirani yangu anakusalimu. Naye huyo Mwanahija, masikini, macho yake si mazuri siku hizi. Amenituma nikuulize kwa ajili yake. Hao madaktari watakuja siku gani hasa za Shaaban? Na hiyo sindano wanaichoma wapi, na mtu anakuwa macho au analazwa usingizi? Na akishafunguliwa bandeji anaona kila kitu au anaona kidogo kidogo? Mwanahija ni mwoga, mjibu kwa utaratibu.

Mimi sina haja, nauliza kwa ajili yake.

Rangi kutoka vibaya imenishangaza. Magome ya mkoko hayakatai. Chemsha zaidi.

Mwanalima


Kismayu, 30 Novemba 2025

Dada yangu mwenye hekima iliyochelewa,

Assalaam alaykum. Shamsa hajambo, Layla hajambo, jino la pili limeota. Barua yako imefika. Debe nililifungua zamani.

Nikueleze yote, maana usipoyasikia kwangu utayasikia kwa Zubeiri na yeye huongeza chumvi. Nilipaka ukumbi na vyumba vyote viwili, kwa kitambaa, nimepiga magoti, huku naimba ule wimbo wa mafundi wa baba ambao najua mstari mmoja tu. Saruji ilikunywa kidogo ikatosheka. Yaliyobaki yakakaa juu yakitutazama. Jioni paka wa mtaa walikuja. Hawakuja kuiba, walikuja kulamba. Walijipanga ukumbini kama wameitwa hitima.

Sheikh wa msikiti wetu alipita kumjulia hali Shamsa. Akavua viatu mlangoni kama ilivyo ada, akaingia na soksi nyeupe. Yeye ameondoka, soksi zimebaki. Kazini mkubwa wangu aliuliza nani ameleta samaki ofisini, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa miongoni mwa waliomtafuta. Shamsa alihamishia jiko uani, kisha kitanda uani, kisha akaniambia kwa upole kwamba yeye na hiyo sakafu ni wake wenza, nami nichague.

Nilimchagua Shamsa. Nikaosha kwa maji moto na magadi mpaka vidole vikatoka ngozi. Harufu ikapungua ikabaki ya kuhisiwa tu, ukiinama. Ndipo nikaenda kwa Abdirahman kichwa chini, nikanunua dawa ya mkebe. Akaniambia, "Adeer, ami yangu, hii inapakwa nyembamba, kama unavyompaka mafuta mtoto mchanga. Ikikauka ndiyo unarudia." Nikamwitikia vizuri, nikafika nyumbani nikamimina. Nilisema nikimaliza mara moja nimemaliza. Hewa ilikuwa nzito, chini kulikuwa na ule unyevu niliouita jasho langu, na asubuhi nikakuta utando mweupe umetanda sakafu nzima. Rangi iko chini yake, unaijua ipo, lakini huioni.

Nilikaa kwenye kidato nikaitazama sakafu yangu iliyopata mtoto wa jicho, dada, na nikalia. Shamsa alidhani nalilia mkebe.

Nikarudi kwa Abdirahman. Hakunicheka mbele yangu. Akaniambia si mwisho wa dunia. Ule utando ni wa juu tu, chini hakujaharibika kitu. Unaukwangua polepole kwa msasa, unafuta vumbi, unaacha pakauke sawasawa, unapaka tena nyembamba. Nimefanya hivyo kwa wiki nzima na sasa chini panaonekana, japo cha kuonekana chenyewe si kizuri. Nimebakiza kazi ndogo kwenye kidato ambayo haina haja ya kuandikwa.

Sasa mjibu Mwanahija kwa niaba yangu. Mwambie ni wiki ya mwisho ya Januari. Mwambie sindano ni ya ganzi, haichomwi kwenye mboni, na mtu anakuwa macho lakini haumii. Wanautoa utando ulioziba, chini yake jicho liko pale pale lilipokuwa. Mwambie uoga si aibu. Mwambie kuna nyumba Kismayu inamngoja, inanuka papa kidogo, lakini ni yake.

Famau


Kismayu, 21 Desemba 2025

Dada,

Zubeiri amekuja mikono mitupu. Nilimuuliza barua, akasema hakupewa. Nilimuuliza hali yako, akasema hujambo, lakini alikuwa akizitazama ndara zake. Zubeiri hana mazoea ya kutazama ndara zake.

Sina kichekesho leo. Ulinilea baada ya mama, ukanifundisha kusoma kwa kuweka kidole chako chini ya kila neno, na nikikosea ulikirudisha kidole bila kunipiga. Barua zako mbili nimezipanga mezani. Herufi zimekua kwa mwezi mmoja tu, na katika ya pili umeandika juu ya mstari uliokwisha kuuandika. Kalamu haifanyi hivyo.

Naogopa, Mwanalima. Basi nimelisema. Wageni niliokuwa nikiwataja ni wewe peke yako. Sijakaribisha mtu mwingine. Nijibu hata neno moja, la sivyo nakuja na mashua ya kwanza, na unajua nikipanda mashua natapika toka gatini.

Famau


Chovae, 3 Januari 2026

Mdogo wangu Famau,

Waalaykum salaam. Anayeshika kalamu si mimi, ni Mwanahija. Sioni tena mstari. Barua zako pia ni yeye aliyenisomea, zote, kwa sauti, pamoja na pale ulipomliwaza kwa macho yake mabovu. Anasema macho yake hayajambo, hata uzi anautunga mwenyewe, na anakushukuru kwa kumkaribisha nyumbani kwako. Nimemwomba msamaha, amenisamehe, lakini ananicheka mpaka kalamu inamtoka mkononi.

Sikukuandikia kwa sababu ya kisima. Nilikwenda kuteka nikakosa ukingo. Nilishika kamba, Mwanahija akanishika mimi, nikatoka na magoti yaliyochunika tu. Ndoo iliingia. Siku ile ya simu pia ilikuwa hivyo hivyo. Simu haikuniponyoka, niliiweka juu ya ukingo ambao haukuwepo. Nilimkataza Zubeiri asiseme.

Nimekuwa mjinga. Nimeogopa sindano kuliko kisima.

Basi nitakuja, lakini nina sharti. Nyumba yangu isilale tupu, na mbuzi wasiachiwe jirani, maana Mwanahija ananitosha kwa haya aliyofanya. Utakuja kulala hapa wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, na siyo mchu mwingine. Mimi nikiwa na bandeji kwako, wewe uwe na mbuzi kwangu. Hapo ndipo moyo wangu utatulia nikubali kuguswa jicho. Najua ni sharti la ovyo. Ndilo nililo nalo.

Mwanahija anaongeza salamu zake mwenyewe kwa sakafu.

Dada yako,
Mwanalima


Chovae, 27 Januari 2026

Dada yangu,

Assalaam alaykum kutoka nyumbani kwako. Nimefika. Nilitapika toka gatini, kisha nikatapika kwa utaratibu mpaka Chovae, na Zubeiri ameapa atanipakia na barafu safari ya kurudi.

Nilikuacha kitandani na bandeji jicho la kulia, Shamsa ameshika mkono wako, daktari ananisukuma nje kwa sababu nilikuwa nalia kuliko wagonjwa. Nilitimiza sharti lako kwa sababu ulisema moyo wako hautatulia. Wangu haujatulia kabisa. Leo ndiyo siku ya kufunguliwa, na mimi niko hapa natazama mbuzi.

Habari za mbuzi, basi. Mtoto ana baka jeupe kweli. Karani alinitambua kama ndugu, ameshakula risiti zangu zote na nusu ya kofia. Wengine hawanisikilizi. Naita "njooni," wanakwenda. Mwanahija amekuja mara tatu tangu jana kuangalia kama nyumba bado imesimama, ananiletea chai, anatunga uzi mbele yangu bila sababu.

Nimefagia. Sijagusa kitu kingine, naapa. Sina brashi, sina mkebe.

Zubeiri anarudi Kismayu leo na barua hii. Mwambie Shamsa aniandikie neno moja tu, unaona au huoni. Kama ni huoni, aandike vile vile. Nyumba iko tayari kwa yote mawili.

Famau


Kismayu, 1 Februari 2026

Mdogo wangu Famau,

Waalaykum salaam. Shamsa hajambo, goti halijambo, mjukuu ana meno matatu. Nimetangulia na salamu kwa sababu adabu ni adabu, lakini najua unaruka mistari, kwa hiyo tazama herufi hizi. Ni zangu. Angalia zilivyokaa juu ya mstari kama ndege juu ya waya.

Naona, Famau. Kwa jicho moja, na la pili wamesema mwakani, lakini naona. Waliponifungua nilimwona Shamsa kwanza, nikamwambia amezeeka, akalia kwa furaha. Nikaona dirisha, na nje bajaji ya njano, sikujua kama zina rangi hiyo. Kisha wakanileta kwako, nikakaa ukumbini, nikainamisha uso nikaiona sakafu.

Mdogo wangu, ni mbaya. Ulivyoandika ulijipendelea. Ina rangi ya maji yaliyooshewa masufuria, na pale karibu na dirisha umekwangua mpaka pamekuwa na ramani ya Somalia. Nikiinama namsikia papa. Baba angeiona angekupeleka shule mara ya pili. Nilicheka mpaka Shamsa akaogopa jicho litachomoka.

Halafu nikaacha kucheka. Mimi ni mtoto wa baba yule yule, Famau. Naijua rangi ya mkoko, nimetia nyavu magome tangu utoto wangu. Mkoko ukizidishiwa maji unakuwa mwekundu hafifu. Ukipungukiwa na moto unakuwa wa hudhurungi. Hauwi hivi, hata apike mtoto. Nilimwambia Shamsa aniletee gunia, akasema umemkataza asilionyeshe, nikamwambia mwenye nyumba hayupo na mimi ndiye mkubwa. Akalileta. Chini yake mlikuwa na vipande vilivyobaki. Nilivitazama kwa jicho langu jipya. Ni maganda ya kuni zangu, yale ninayowashia jiko. Nilichagua moja moja kwa mkono wangu, na hakuna hata kimoja cha mkoko.

Wewe ulijua siku ulipolifungua gunia. Mtoto wa pwani mwenye macho mazima hawezi kuyakosea. Ukayaponda, ukayachemsha, ukayapaka nyumba nzima, ukaniandikia kwamba magome yalikuwa mazuri na kosa ni la vipimo. Umechekwa na mke, na jirani, na Abdirahman, na mimi nikakucheka kuliko wote. Nami nikakuandikia "chemsha zaidi." Nimelia kwa jicho ambalo nimekatazwa kulia nalo.

Jambo moja nilikuficha na mimi, tulipe sawa. Siku niliyofika, kabla ya daktari, Shamsa alinishika mkono kuniingiza chumbani. Nyumba yote ilikuwa moshi mtupu kwangu, wewe mwenyewe ulikuwa sauti. Lakini kwenye kidato, pale nilipojikwaa Idd, niliona mstari mwekundu. Mnene, mwekundu kabisa, kutoka ukuta hadi ukuta. Ndicho kitu pekee nilichokiona nyumba nzima. Nikanyanyua mguu, nikavuka. Sikusema neno kwa sababu ningesema ningelia mbele ya wifi yangu, na bado nilikuwa nikijitia naona. Leo nimeutazama vizuri, umepindika katikati, brashi imekuponyoka. Huo usiuguse.

Ya daktari yamebaki kidogo, dawa ya matone na kutoinama. Kuinama nimeshainama, usimwambie. Mlishe Karani maganda ya muhogo, karatasi zinamvimbisha. Mtafute mtu wa kulala pale, Mwanahija atakupatia, nimelegeza sharti. Rudi kabla ya Ramadhani, na upande mashua bila kula.

Nyuma ya jiko, upande wa ukuta wa bahari, kuna marundo mawili. Lile la kulia ni kuni. La kushoto ndilo mkoko, nina hakika sasa. Lakini usichukue hata kipande, usije ukaniletea kuni na wewe. Nikiruhusiwa kusafiri tutakwenda pamoja, na magome nitachagua mimi.

Dada yako,
Mwanalima